Kuwapo, Kutambuliwa, Kuitika, Kuaminika: Istilahi na Uhakiki wa Chipu ya Usalama katika Kompyuta za Mtumba za Kariakoo

1.0 Utangulizi

Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuurekebisha mfumo wake wa Windows 10. Mfumo uliourithi, yaani Windows 11, uliotolewa tarehe 5 Oktoba 2021, ulikuja na sharti ambalo mtangulizi wake hakuwa nalo: kompyuta iwe na chipu ya usalama ya aina ya TPM, toleo la 2.0. Kwa sharti hilo kompyuta nyingi ambazo bado ni nzima zilihesabiwa kuwa zimepitwa na wakati. Mashine za namna hiyo hazitupwi zote. Baadhi huvuka bahari na kuuzwa tena, na kwa mkazi wa Dar es Salaam mahali pa kuzitafuta ni maduka ya Kariakoo na ya katikati ya jiji, kuanzia mitaa ya Aggrey, Uhuru na Msimbazi hadi upande wa Samora.

Mnunuzi wa mashine hizo anaweza kuchagua mfumo huria wa jamii ya Linux, kama vile Ubuntu, Debian au Fedora. Mifumo hii haidai chipu ili ikubali kuwekwa. Hata hivyo, mnunuzi akitaka taarifa zilizomo katika diski zifungwe kwa usimbaji fiche, na ufunguo wake ulindwe na kompyuta yenyewe, chipu inakuwa jambo la msingi. Haja hiyo si ya anasa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inamtwika kila anayekusanya taarifa za watu wajibu wa kuzilinda. Zahanati ndogo, ofisi ya wakili au chama cha kuweka na kukopa chenye kompyuta moja ya mtumba kimo ndani ya wajibu huo, na kompyuta hiyo yaweza kuibwa ndani ya daladala siku yoyote.

Muuzaji akiulizwa kuhusu chipu, aghalabu hujibu kwa mojawapo ya sentensi hizi:

(1) Chipu ipo.
(2) Chipu inafanya kazi.

Sentensi zote mbili zinaweza kuwa za kweli, na mnunuzi akapata hasara vilevile. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba maneno "inafanya kazi" yanabeba madai manne yaliyo tofauti. Kwamba Kiswahili kina vitenzi vya kuyatenganisha madai hayo. Na kwamba uhakiki wa kiufundi hauna budi kuufuata utengano huo. Anayechanganya vitenzi atachanganya pia vipimo.

2.0 Chipu na Kazi Yake

TPM ni kifaa kidogo chenye kumbukumbu yake na uwezo wake wa kukokotoa, kilichotengwa na sehemu nyingine za kompyuta. Vipimo vyake vilisanifiwa na muungano wa kampuni uitwao Trusted Computing Group, ulioundwa mwaka 2003 na kurithi kazi ya muungano wa awali wa mwaka 1999. Toleo la 1.2 lilikubaliwa kuwa sanifu ya kimataifa, ISO/IEC 11889, mwaka 2009. Toleo la 2.0, lililotolewa mwaka 2014, likafuata katika sanifu hiyo hiyo mwaka 2015. Matoleo haya mawili hayaelewani: programu iliyoandikwa kwa ajili ya lile la kwanza haiwezi kuzungumza na la pili.

Kazi za chipu zinazohusika hapa ni tatu. Kwanza, huzalisha funguo na kuzihifadhi kwa namna ambayo ufunguo wa siri hautoki nje ukiwa wazi. Pili, hutoa namba za nasibu. Tatu, ambayo ndiyo ya pekee, hupokea vipimo vya programu kadiri kompyuta inavyowaka na kuviweka katika rejista 24, zilizopewa namba kuanzia 0 hadi 23. Kipimo hakifutwi wala hakiandikwi upya katika rejista. Huchanganywa na kile kilichotangulia, na matokeo ya mchanganyiko huo ndiyo yanayobaki. Kwa hiyo programu iliyobadilishwa njiani haiwezi kuyarudisha matokeo yalivyokuwa. Siri iliyofungwa kwa vipimo fulani itafunguliwa vipimo hivyo vitakapojirudia, basi.

Kuna jambo moja linalomkanganya mnunuzi tangu mwanzo. Katika kompyuta nyingi hakuna chipu ya kutenganishwa kwa macho. Kazi zote za TPM hufanywa ndani ya prosesa kuu, kwa mpango ambao kampuni ya Intel huuita PTT na kampuni ya AMD huuita fTPM. Viambishi vya mahali vya Kiswahili vinaifaa hali hii kuliko maelezo marefu. Chipu iliyogandishwa juu ya ubao wa kompyuta *ipo*. Ile ya ndani ya prosesa *imo*. Fundi anayefungua kifuniko, akakosa kuiona chipu, kisha akatangaza kwamba haipo, amejibu swali la *-po* mahali palipohitaji *-mo*.

3.0 Suala la Istilahi

Historia ya kompyuta nchini Tanzania ina pengo linalojulikana. Kompyuta ya kwanza iliwekwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Lugha ya fani hii kwa hiyo haikukua pamoja na lugha za fani nyingine zilizoshughulikiwa na taasisi mapema. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilipotoa kamusi ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, masomo hayo yalikuwa na walimu na mitaala iliyokwishakomaa. Kompyuta haikuwa na bahati hiyo. Juhudi kubwa ya mwanzo katika mfumo huria ilikuwa mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Sweden, uliotoa programu za ofisi kwa Kiswahili, kwa jina la Jambo OpenOffice, mwaka 2004. Kabla na baada ya hapo lugha ya fani imeundwa pia madukani, na mafundi hawakumsubiri mtu. Kwao kuweka mfumo mpya katika kompyuta ni "kupiga window", hata pale mfumo unaopigwa si Windows.

3.1 Mzigo wa kitenzi "endesha"

Istilahi zilizopendekezwa rasmi zimekiegemea mno kitenzi kimoja. Mfumo mkuu wa kompyuta huitwa *mfumo endeshi* au *mfumo wa uendeshaji*. Kifaa kinachozungusha diski kimeitwa *kiendeshi*. Programu inayouwezesha mfumo kuzungumza na kifaa fulani, nayo imeitwa *kiendeshi*. Matokeo yake ni sentensi kama hii:

(3) Mfumo endeshi haukukiona kiendeshi cha kiendeshi.

Sentensi (3) ni sahihi kisarufi na haifai kitu. Kwa upande mwingine, mafundi wa Kariakoo hutumia *dereva* kwa maana ya programu, na hapo hakuna utata wowote na diski. Kuna wanaolipinga neno hilo kwa hoja kwamba dereva ni mtu. Pingamizi hili halina uzito mkubwa, kwa sababu Kiswahili kimekwisha kutatua tatizo la aina hii kwa upatanisho wa kisarufi. *Ndege amepaa* na *ndege imepaa* ni sentensi mbili za viumbe viwili, na hakuna Mswahili anayezichanganya. Hali kadhalika, *dereva amefika* ni mtu, na *dereva imepakiwa* ni programu. Makala hii inatumia *dereva* katika ngeli ya I-ZI kwa maana ya programu, na *kiini* kwa sehemu ya ndani kabisa ya mfumo ambamo dereva hupakiwa.

Ikumbukwe pia kwamba mtaa wenyewe ni mwalimu wa zamani wa utohoaji. Jina Kariakoo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna anayelihisi kuwa ni la kigeni. *Chipu* imepita njia hiyo hiyo, ikaponea chupuchupu kuangukia kwenye *chipsi*, ambayo jijini Dar es Salaam ni chakula na itaendelea kuwa chakula.

3.2 "Aminiwa" na "aminika"

Neno la kwanza katika jina la TPM kwa Kiingereza lina maana ya kitu ambacho mtu amekiamini. Katika Kiswahili maana hiyo ni ya kauli ya kutendwa: chipu *iliyoaminiwa*. Sentensi hiyo haisemi lolote juu ya tabia ya chipu; inaeleza tendo la anayeiamini. Kauli ya kutendeka inasema jambo lingine: chipu *inayoaminika* ni ile ambayo kuiamini kunawezekana kwa sababu zinazoonekana. Tofauti kati ya *-w-* na *-ik-* ndiyo tofauti yenyewe ambayo wataalamu wa usalama wa kompyuta huandikia kurasa nyingi. Kompyuta ya mtumba ina chipu iliyoaminiwa na mtu mwingine, kwa sababu nyingine, katika nchi nyingine. Haifuati kwamba inaaminika.

Kwa tendo la kuifunga siri kwa vipimo, Kiswahili kina neno la zamani ambalo halijatumiwa vya kutosha, nalo ni *lakiri*. Barua au mfuko uliotiwa lakiri haukufungwa kwa nguvu za chuma. Thamani yake ni kwamba hauwezi kufunguliwa bila ya kujulikana. Chipu huongeza sharti moja juu ya hilo: lakiri haibanduki ila katika hali ile ile iliyotiwa. Neno hili lina faida juu ya *kufunga*, kwa kuwa kufunga kunatumika pia kwa dirisha, programu na kompyuta nzima.

4.0 Hatua za Uhakiki

Uhakiki unaoelezwa hapa hufanyika kwa flashi iliyotiwa mfumo huria unaoweza kuwaka bila kuigusa diski ya kompyuta. Ni vema zana za kuchunguzia chipu, hususan fungu la programu liitwalo tpm2-tools, zitiwe katika flashi mapema, maana haifai kutegemea intaneti ya dukani. Ni vema pia muuzaji aombwe ruhusa kabla ya kompyuta kuwashwa kwa flashi. Anayeona mteja akiingia katika mipangilio ya ndani ya mashine ana haki ya kushuku.

4.1 Kuwapo

Mahali pa kwanza pa kutazama ni mipangilio ya programu-msingi ya kompyuta, ile inayowaka kabla ya mfumo wowote. Katika ThinkPad za Lenovo huingiwa kwa kubonyeza F1, katika kompyuta za Dell F2, na katika za HP F10. Chipu inaweza kuwapo ikiwa imezimwa humo, na ikizimwa mfumo hauoni chochote. Kosa hili ni la kawaida, na ndilo rahisi kuliko yote kulisahihisha, isipokuwa pale mipangilio yenyewe ilipofungwa kwa neno la siri la mwenye mashine wa kwanza. Jambo hilo litarudiwa katika sehemu ya 5.0.

4.2 Kutambuliwa

Kompyuta ikiwaka kwa Linux, kiini hutafuta katika majedwali ya programu-msingi tangazo la kuwapo kwa TPM, kisha hupakia dereva inayofaa. Kwa chipu zilizo peke yake ubaoni dereva ya kawaida ni tpm_tis. Kwa zile zilizomo ndani ya prosesa ni tpm_crb. Dereva ikishika, faili mbili za kifaa hutokea: /dev/tpm0, na kwa toleo la 2.0 pia /dev/tpmrm0. Faili ya pili humwezesha zaidi ya mtumiaji mmoja kuifikia chipu kwa zamu. Namba ya toleo husomwa katika /sys/class/tpm/tpm0/tpm_version_major. Ikiwa ni 1, chipu ni ya toleo la 1.2 na inahitaji zana nyingine kabisa. Baadhi ya kompyuta za Dell na HP za kipindi cha mpito ziliweza kubadilishwa kutoka 1.2 hadi 2.0 kwa programu ya kampuni husika, na mnunuzi mwenye subira atafanya vema kuulizia jambo hilo kabla ya kuikataa mashine.

Umri wa mfumo nao ni wa kuzingatiwa. Dereva za TPM ziliingia katika kiini cha Linux toleo la 2.6.12, mwaka 2005. Toleo la 2.0 la chipu likaanza kuhudumiwa katika kiini 4.0, mwaka 2015. Na /dev/tpmrm0 ikaja na kiini 4.12, mwaka 2017. Fundi anayetembea na flashi ya miaka mingi anaweza kuihukumu chipu nzima kwa kosa la flashi yake.

Daftari la kiini, linalosomwa kwa amri ya dmesg, linastahili tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba tpm_tis huandika humo sentensi fupi ya kutangaza toleo la chipu iliyoipata, ilhali tpm_crb ikifanikiwa haiandiki sentensi hiyo. Anayetafuta tangazo hilo na kulikosa asiseme kwamba dereva imegoma. Ya pili ni ya kuvutia zaidi kwa mwanaisimu. Ndani ya kiini kuna kitengo kiitwacho IMA, ambacho hupima mafaili na huamka mapema sana. Kikiamka kabla ya dereva kuwa tayari, huandika katika daftari kwamba chipu haikupatikana, na kwamba kitaendelea bila hiyo. Sekunde chache baadaye dereva hushika na chipu ikaonekana, lakini ile sentensi ya kwanza haifutwi. Watu wengi wameisoma kuwa ni hukumu. Kwa Kiswahili sentensi hiyo ilipaswa kuwa na *-ja-*:

(4) Chipu haijaonekana.

Njeo hii hukanusha na wakati huo huo huacha mlango wazi, na hiyo ndiyo hali halisi ya kompyuta katika dakika ile. *Haipo* ingekuwa uongo. Atakayetafsiri ujumbe wa kiini kwa Kiswahili siku moja afikirie *-ja-* kabla ya kushika *ha-* peke yake. Ni vizuri kuongeza kwamba ingawa chipu inatumika baada ya hapo, vipimo ambavyo IMA ingeviweka humo tangu mwanzo havikuwekwa; kwa hiyo katika matumizi yanayoitegemea IMA, kuchelewa kwa dereva ni dosari ya kweli.

4.3 Kuitika

Kuonekana kwa /dev/tpm0 kunathibitisha kwamba dereva imeshika. Hakuthibitishi kwamba chipu inatenda. Mgeni hupiga hodi, na nyumba yenye taa inaweza kukaa kimya. Chipu huitwa kwa amri, na jibu lake ndilo kuitika.

Amri ya tpm2_getcap properties-fixed huleta herufi za mtengenezaji na namba za toleo la programu ya ndani ya chipu. Amri ya tpm2_selftest --fulltest huitaka chipu ijikague yenyewe, na tpm2_gettestresult huleta matokeo. Amri ya tpm2_getrandom --hex 16 huomba baiti 16 za nasibu. Ikirudiwa mara kadhaa na kuleta namba zile zile, chipu ina hitilafu kubwa. Jibu la kukataliwa ruhusa si hitilafu: faili za kifaa humilikiwa na msimamizi na kikundi cha tss, na mtumiaji wa kawaida hana budi kutumia sudo au kuingizwa katika kikundi hicho. Malalamiko mengi ya "dereva imegoma" huishia hapo.

Kuna pia hali ambapo mfumo wenyewe umeamua kutoitumia sehemu ya chipu. Mwaka 2023 wasimamizi wa kiini cha Linux waliacha kuzitumia namba za nasibu za fTPM ya AMD kama chanzo cha mfumo, baada ya kompyuta za watumiaji kukwama kidogo kidogo kila chanzo hicho kilipoulizwa. Kazi nyingine za fTPM hiyo ziliendelea. Mhakiki anayeona chanzo hicho kimekosekana katika orodha ya vyanzo vya nasibu asidhani kwamba kifaa kimeharibika.

Jaribio lenye uzito kuliko yote katika hatua hii ni kusoma rejista za vipimo kwa tpm2_pcrread sha256. Rejista 0 hadi 7 ni za programu-msingi na za kuwashia. Zote zikiwa sifuri tupu, maana yake ni kwamba chipu inajibu vizuri lakini haikuambiwa chochote wakati kompyuta inawaka. Ni shahidi aliyeletwa mahakamani baada ya tukio. Kwa kuhakiki lakiri, chipu hiyo haina faida, na hakuna amri yoyote ya awali ambayo ingelifichua jambo hili. Rejista 17 hadi 22, kinyume chake, kwa kawaida huonekana zimejaa herufi F. Hilo lisimtishe msomaji, kwa kuwa ndivyo zinavyoanza.

4.4 Kukataa

Baada ya kuitika kuna jaribio ambalo aghalabu husahauliwa. Siri ndogo, hata neno moja, hutiwa lakiri kwa kipimo cha rejista 7, ambayo hubeba hali ya ulinzi wa kuwashia unaozuia programu zisizo na saini. Kompyuta huzimwa na kuwashwa, kisha lakiri hujaribiwa: lazima ibanduke. Halafu ulinzi wa kuwashia huzimwa katika mipangilio, kompyuta huwashwa tena, na lakiri hujaribiwa mara ya pili. Safari hii lazima chipu ikatae.

Mafundi wengi huishia kwenye jaribio la kwanza, kwani kufunguka kwa siri huonekana kuwa ndiko kufanya kazi. Hapa maana ya "kufanya kazi" inageuka. Kitasa kinachofunguka kwa kila ufunguo ni kitasa kibovu, na chipu inayoitoa siri katika hali zote haina thamani ya sumni. Jaribio la pili huchukua muda usiofika nusu saa, na ndilo linaloitenganisha chipu inayolinda na chipu inayotii tu.

5.0 Mwenye Mashine wa Kwanza

Maelezo yote ya kawaida ya uhakiki hudhani kwamba kompyuta ni mpya. Ya Kariakoo si mpya. Imewahi kuwa ya mtu, na mara nyingi mtu huyo alikuwa ofisi iliyosimamia mashine nyingi kwa pamoja. Chipu ina kumbukumbu ya usimamizi huo.

Katika toleo la 1.2 chipu ina *mwenyewe*, na mwenyewe ana neno la siri. Bila neno hilo mnunuzi anaweza kuisoma chipu kwa sehemu, lakini hawezi kuitumia ipasavyo. Katika toleo la 2.0 mamlaka yamegawanywa katika matawi, na tawi la kufungulia pale chipu inapojifunga kwa majaribio mengi ya uongo linaweza kuwa na neno la siri lililowekwa na mfumo uliotangulia. Dalili yake ni chipu inayoitika maswali yote mepesi kisha inakataa pale inapoombwa kuunda ufunguo mpya au kubadilishiwa usimamizi.

Dawa ni kuifuta chipu kupitia mipangilio ya programu-msingi, kwa mtu aliyeketi mbele ya mashine. Kuifuta huharibu funguo zote za zamani, na hilo kwa mnunuzi ni heri. Kama diski bado ina taarifa zilizofungwa na mwenyewe wa kwanza, hazitasomeka tena kwa njia ya chipu, nalo ni jambo la heshima kwa mtu asiyekuwapo. Ugumu unatokea pale mipangilio ilipofungwa kwa neno la siri la usimamizi. Hapo chipu ipo, imetambuliwa, inaitika, na bado ni ya mtu mwingine. Kiswahili cha sokoni hakina sentensi fupi ya kulieleza hili, na "haina shida" hakika siyo. Mnunuzi anayejali usimbaji fiche na aiombe bei ya mashine isiyo na chipu, au airudishe rafuni.

Kwa sababu hiyo, katika mashine ya mtumba mpangilio wa hatua unabadilika. Kuingia katika mipangilio ya ndani na kuthibitisha kwamba haijafungwa kunatangulia yote, kabla hata ya kuwasha flashi. Kisha chipu ifutwe, na hapo ndipo hatua za 4.2 hadi 4.4 zifuate. Kuzifuata juu ya chipu ambayo haijafutwa ni kumhakiki mwenyewe wa kwanza.

6.0 Kuaminika

Chipu iliyofaulu hatua zote hizo bado haijajibu swali la *-ik-*. Mwezi Oktoba 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Masaryk huko Brno na wenzao walitangaza kasoro, iliyopewa jina la ROCA, katika namna chipu za Infineon zilivyokuwa zikizalisha funguo za RSA. Funguo hizo zilikuwa na umbo linalowezesha kukokotoa siri kutokana na sehemu iliyo wazi. Kasoro iliwagusa pia raia wa Estonia, ambako vitambulisho vya taifa vipatavyo 750,000 vilihusika. Chipu zilizoathirika zilikuwa zikiitika vizuri, zikipita ukaguzi wao wenyewe, na zikikataa pale zilipopaswa kukataa. Dereva haikuwa na kosa. Mashine za miaka iliyotangulia 2017 zenye chipu ya Infineon ndizo hasa zinazotarajiwa kukutwa katika maduka ya mtumba, kwa hiyo namba ya toleo la programu ya ndani iliyosomwa katika 4.3 ilinganishwe na taarifa za mtengenezaji wa kompyuta. Toleo likiwa la zamani, chipu hurekebishwa kwa programu ya mtengenezaji, hufutwa, na funguo huzalishwa upya. Urekebishaji pekee hauziponyi funguo zilizokwishazaliwa na kasoro.

Aina nyingine ya udhaifu inatokana na *ipo* na *imo* za sehemu ya 2.0. Chipu iliyo peke yake ubaoni huzungumza na prosesa kwa nyaya, na mwaka 2019 ilidhihirishwa hadharani kwamba mwenye kompyuta mkononi na kifaa cha bei nafuu anaweza kuusikiliza ufunguo unapopita katika nyaya hizo. Chipu iliyomo ndani ya prosesa haina nyaya za kusikilizwa kwa jinsi hiyo, ingawa nayo haikusalimika: mwaka huo huo watafiti waliotangaza TPM-FAIL walionyesha kwamba muda ambao fTPM ya Intel na chipu moja ya STMicroelectronics zilitumia kutia saini ulivujisha ufunguo. Kwa ofisi ndogo yenye hofu ya mwizi wa kawaida, udhaifu wa nyaya unazibwa kwa kuongeza namba ya siri ambayo mtumiaji huiandika kila anapoiwasha mashine, ili chipu isiwe mlinzi wa peke yake.

Katika Linux kazi hiyo hufanywa na systemd-cryptenroll, amri inayouandikisha ufunguo wa diski ya LUKS2 katika chipu na inayokubali namba ya siri pamoja nayo. Kabla ya kuandikisha, neno refu la siri la kawaida libaki katika nafasi yake, na ufunguo wa akiba uandikwe katika karatasi na kuwekwa mbali na kompyuta. Programu-msingi ikirekebishwa, vipimo hubadilika, lakiri hukataa kubanduka, na kukataa huko ni kazi iliyofanyika sawasawa. Mtumiaji huandika neno lake refu, diski ikafunguka, kisha lakiri hutiwa upya juu ya vipimo vipya.